Mtoto Aliyekataa Uji: kisa cha shule moja ya msingi mpakani Busia

Kengele ya saa nne shuleni kwetu ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Ikigongwa, watoto huchomoka madarasani na vikombe vyao vya plastiki, mbio hadi jikoni. Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule ya serikali mjini Busia, upande wa Uganda, na kila siku ya Mungu kuna mtoto mmoja aliyebaki darasani. Kikombe alikuwa nacho. Kilikuwa cha kijani, kimepasuka kidogo ukingoni, na alikigeuza kuwa cha kuwekea kalamu.

Jina lake siandiki, wala la shule. Tumwite kijana tu. Alikuwa na miaka 14, mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alichelewa kuanza. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, hakulia, na alipofika umri wa kutembea miguu ilikuwa imekakamaa, inapishana kama mkasi. Hospitalini waliita mtindio wa ubongo. Yeye alilichukia jina hilo, maana watu wakishasikia "ubongo" hawasikilizi tena kinachofuata. Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Hesabu za sehemu alizikokotoa kichwani wakati mimi bado natafuta chaki. Kilichokuwa kizito ni ulimi, uliovuta maneno hasa akikasirika au akiharakishwa, na mkono, ulioandika polepole kama mtu anayechonga.

Kuhusu uji, walimu tulikuwa na maelezo yetu. Mmoja alisema ni kiburi. Mwingine alisema mama yake hajalipa mchango. Mimi nilidhani tumbo lake haliupendi uji wa mahindi, nikaona nimemwelewa kuliko wote. Maelezo matatu, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kujipamba. Nilikuwa naye chumba kimoja siku tano kwa wiki.

Migongo miwili

Shule ilikuwa imempangia wavulana wawili wa darasa la saba wa kumbeba. Asubuhi wanampokea getini, wanambeba mgongoni hadi darasani, jioni wanamrudisha. Wageni wakija tuliwaonyesha. Tulijivunia sana migongo ile. Kwenye kitabu cha wageni afisa mmoja aliandika neno la pongezi, na mwalimu mkuu alipenda kulisoma kwa sauti mbele yetu.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba wale wavulana walikuwa na bei yao. Kijana aliwafanyia kazi za hesabu za darasa la saba, yeye akiwa wa sita, kila Jumanne na Alhamisi. Siku moja alikosa kumaliza. Wakamwacha chini ya mwembe mvua ikinyesha, hadi mpishi alipomwona. Hakumwambia mtu. Nilipomuuliza baada ya miezi mingi, alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi: "Mwalimu, ningewasema, kesho ningekuja na nani?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Tulikuwa tumezoea kusema kwamba watoto wenye ulemavu hawasemi kwa sababu wanaonewa. Wapo wanaoonewa, sibishi. Huyu hakuonewa. Alipendwa, alipapaswa kichwani, aliitwa maskini wa watu. Fimbo, ambayo sheria ya watoto iliyorekebishwa 2016 imeipiga marufuku shuleni lakini haijatoka kabisa mikononi mwa walimu, haikumgusa hata mara moja. Kila msaada aliopewa ulikuwa hisani, na mtu anayeishi kwa hisani hujifunza mapema kutofungua mdomo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mgongo wa kuazima nao haukupeleki unakotaka wewe.

Na alikotaka kwenda ni chooni.

Choo chenye simenti

Vyoo vya wavulana vilikuwa na ngazi tatu, kwa sababu maji ya ardhini kwetu yako karibu na shimo lazima linyanyuliwe. Wizara ya Elimu inataka tundu moja kwa wanafunzi 40. Sisi tulikuwa mbali na hapo, na mtu yeyote aliyepita vyoo vile saa nne anajua sakafu inavyokuwa. Wenzake wanaruka, wanakanyaga kwa vidole, wanatoka. Yeye hutambaa kwa viganja na magoti. Naomba msomaji asiikimbie picha hiyo haraka kama nilivyoikimbia mimi.

Lakini shule ilikuwa na choo kingine, pembeni, karibu na ofisi. Kilijengwa na wafadhili: njia ya mteremko badala ya ngazi, mlango mpana, mabomba ya kushikia pande zote mbili, komeo la ndani. Kwenye ripoti zetu za kila mwaka kilihesabiwa. Kilikuwa na kufuli. Mwanzo kilifungwa ili watoto wasikichafue, kisha walimu wawili watatu wakakitumia, halafu pakakosekana mahali pa kuwekea nyavu za mpira, zikaingia humo. Baadaye majembe. Baadaye mifuko sita ya simenti iliyobaki ukarabati wa darasa la nne. Ufunguo alikuwa nao mwalimu wa zamu. Kuupata, kijana angetambaa uwanja mzima hadi ofisini, aseme haja yake mbele ya walimu wanaokunywa chai, kwa ulimi unaovuta, kisha asubiri mtu aondoe majembe.

Alifanya hivyo mara mbili akiwa darasa la nne. Mara ya pili mwalimu mmoja alimmalizia sentensi, vibaya, watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nitasema kwa haki. Tangu siku hiyo akaacha kunywa kitu chochote kuanzia anapoamka hadi anaporudi nyumbani saa kumi na moja.

Miaka miwili, katika joto la Busia. Alasiri aliumwa kichwa na kusinzia, nami kwenye ripoti ya muhula wa kwanza niliandika "ana uwezo, lakini mvivu baada ya chakula cha mchana." Chakula chenyewe, posho (ndiyo ugali wetu) na maharagwe, alikila bila tone la maji. Muhula wa pili akashikwa na homa na maumivu chini ya kitovu, mkojo rangi ya chai ya rangi. Mama yake alimpeleka kituo cha afya. Mhudumu aliyempokea aliuliza swali ambalo sisi sote, wenye vyeti vya ualimu, hatukuuliza: kijana, unakunywa maji kiasi gani kwa siku? Akamjibu mhudumu. Sisi hakutuambia, wala mama yake hakuambiwa sababu, aliambiwa tu kwamba mtoto anywe maji. Mama akafikiri shule inamnyima uji aliolipia.

Jumamosi mpakani

Hapa lazima nitoke nje ya geti la shule, maana nusu ya kisa iko huko.

Anayeijua Busia anawajua wabebaji wa baiskeli za miguu mitatu. Ni watu wenye ulemavu, wanaume kwa wanawake, wanaozungusha pedali kwa mikono na kuvusha mizigo kati ya Uganda na Kenya: sukari, mafuta ya kupikia, unga, sabuni, vitenge. Tangu zamani maafisa wa forodha walikuwa wakiwalegezea kamba, na wafanyabiashara wakaligundua hilo. Mji huu ndio unaosemwa kulizaa neno bodaboda, la baiskeli zilizopeleka watu kutoka boda hadi boda, kwa hiyo kutafuta riziki juu ya magurudumu katikati ya nchi mbili si jambo geni hapa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi 2018 kilibadilisha mengi, lakini baiskeli bado zipo, na nyuma ya kila moja yenye shehena kubwa kuna vijana wa kusukuma.

Kwa mtoto kama wetu, ile ndiyo kazi iliyokuwa ikimngoja. Watu walimwambia mama yake waziwazi: ya nini ada ya mtihani, mnunulie baiskeli. Walimu tulipaogopa mahali pale, na tulikuwa na sababu. Wapo waliotoka shule darasa la tano wakaenda kuvuta sukari na hawakurudi. Kijana alikuwa akienda kila Jumamosi kukaa na wabebaji. Nilipopata habari nilimwita mama nikamkemea. Mama wa watu akaniitikia "ndiyo mwalimu," kijana akaendelea kwenda.

Alichokipata kule sikukijua. Wabebaji wale wana chama, wana mwenyekiti, wana vikao. Wakinyanyaswa na afisa hawalii, wanafunga njia kwa baiskeli zao na kuanza mazungumzo. Na wanamsubiri mtu amalize kusema. Mzigo wa mtu ukiwa juu ya baiskeli yako, hawezi kuondoka kabla hujamaliza sentensi yako, hata ivute namna gani. Kijana aliniambia kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimzoeza. Akisema jambo kwa sauti ya kuomba, mzee anamkatiza: "Usiombe. Taja bei."

Yote haya yalifanyika kwa Kiswahili. Shuleni kwetu kuanzia darasa la nne ni Kiingereza, na anayekutwa akiongea Kisamia au Kiteso anapata adhabu. Kiswahili, ambacho marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili na ambacho baraza la mawaziri mwaka 2022 liliamua kifundishwe kwa lazima, hakikuwa na hata kipindi kimoja. Kiliishia getini. Mtoto huyu Kiingereza alikiandika vizuri lakini kukitamka kulimtesa mara mbili, ulimi na hofu. Kiswahili alikijua kama lugha ya kudai.

Mkutano wa wazazi

Mwisho wa muhula wa pili, chini ya mwembe uleule. Ajenda ya nne ilikuwa mchango wa uji kwa muhula wa tatu. Mwalimu mkuu alipomaliza kueleza, mama yake kijana akasimama. Ni mwanamke mpole, anauza nyanya na dagaa, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Akasema kwa Kiswahili cha sokoni: yeye amelipa mihula miwili, mwanawe hajaonja uji hata siku moja, hataki ugomvi, anataka pesa zake zirudi.

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu naye akatabasamu na kusema uji upo, sufuria haina upendeleo, kama mtoto hanywi basi aulizwe mwenyewe. Alisema hivyo kama mtu anayefunga mjadala. Kijana alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele, pamoja na wanafunzi wa kwaya. Akanyanyua mkono.

Ilichukua muda. Nasema muda wa kweli, labda dakika tatu kwa maneno ambayo mimi ningeyasema kwa sekunde ishirini. Mwalimu mmoja alitaka kumsaidia, akaanza, "Anachotaka kusema ni kwamba..." Kijana akamwonyesha kiganja, namna wabebaji wanavyomsimamisha mtu mpakani, akaendelea:

"Nikinywa, nitakojoa. Nikikojoa, nitatambaa juu ya mikojo ya wenzangu, halafu nishike kalamu kwa mkono huohuo. Choo changu kipo. Kimejaa simenti yenu. Mama asirudishiwe pesa. Toeni simenti, nitakunywa uji."

Mara nyingi nimesikia watu wakisimulia kwamba mkutano ulinyamaza. Haukunyamaza. Wazazi walianza kusemezana wote kwa pamoja, akina mama wa mbele wakageuka kutazama choo cha pembeni, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kubwa simenti ya nani. Habari ya simenti iliwachoma kuliko ya mtoto, tuseme ukweli, kwa sababu ile mifuko ilikuwa imechangiwa na wao.

Jioni hiyohiyo mwalimu mkuu aliniita. Hakukasirikia choo. Alitaka kujua nani amemfundisha yule mtoto kusema vile. Akatumia neno "utovu wa nidhamu." Mama aliitwa siku ya pili na kuombwa amkanye mwanawe, baada ya wema wote ambao shule imemtendea. Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa ikisubiri miaka yote: siku mtoto anapoacha kushukuru, wema unageuka deni na kudaiwa.

Mlango haukufunguliwa. Wiki mbili za muhula wa tatu zilipita, simenti iko palepale.

Aliyeulizia ufunguo

Kwenye karatasi, Uganda haina aibu. Katiba ya 1995, ibara ya 35, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wao. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza Januari 1997 kwa watoto wanne kila familia, mwenye ulemavu alitajwa kuwa wa kwanza kuandikishwa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inakataza shule kumbagua mwanafunzi. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa haya, na mwenzetu mmoja alisomea elimu maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo kabisa. Alihamishwa baada ya mwaka mmoja. Shida yetu haikuwa kutojua sheria. Hakuna kati ya sheria hizo iliyokuwa na jina la mtu shuleni kwetu ambaye kijana angeweza kumwendea Jumatatu saa nne akasema, nifungulie, na yule akawajibika kujibu.

Kipo kitu kimoja katika sheria zetu, hata hivyo, ambacho kina miguu, na nilikuwa nimekisahau. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1997, mabaraza yana viti viwili vya watu wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke. Wabebaji wa mpakani hawakukisahau. Kura zao ziko humo. Mzee wa "taja bei" alimpigia simu diwani wao.

Mheshimiwa alikuja Jumatano juu ya pikipiki, magongo yake yamefungwa kwa mpira nyuma. Hakuhutubia, hakuomba kikao. Alisimama mbele ya choo cha pembeni na kuuliza swali moja tu, "Ufunguo yuko nao nani?" Walimu tukatazamana. Mwalimu wa zamu alikuwa msibani, ufunguo uko mfukoni mwake, kilomita kama thelathini. Mheshimiwa akasema vizuri, nitasubiri. Akaketi kwenye njia ya mteremko. Saa tano ikafika, saa sita, watoto wakatoka kula wakamkuta, jua limewaka. Saa saba na nusu mwalimu mkuu akaagiza kufuli livunjwe kwa tindo. Ilipofika saa nane na robo simenti ilikuwa stoo, ambako ilikuwa na nafasi siku zote.

Fundi alichonga funguo mbili. Moja ilitundikwa ofisini, ya pili kijana aliivaa shingoni kwa uzi wa kiatu.

Yaliyofuata hayakuwa ya kusisimua. Alianza na nusu kikombe, kwa tahadhari, kisha kikombe. Usingizi wa alasiri ukapungua. Mimi nilifuta ile sentensi ya uvivu kwenye ripoti, jambo ambalo halikumsaidia mtu ila mimi. Migongo miwili ilibaki, lakini kijana alitaka makubaliano yaandikwe: kazi ya hesabu siku moja kwa wiki, na mvua ikinyesha hawamwachi. Nilishuhudia sahihi. Pia alikuja kuniuliza kuhusu zile dakika 45 ambazo UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu kwenye mtihani wa darasa la saba. Alitaka kuhakikisha jina lake litatajwa wakati wa kuandikishwa, kwa kuwa shule ndiyo inayoyataja majina, na asiyetajwa hapati. Aliniuliza pia kuhusu msichana wa dawati la tatu anayenakili kutoka daftari la jirani kwa sababu ubao hauoni. Karatasi za maandishi makubwa zipo kwa watahiniwa kama yeye. Sikuwa nimemwona msichana yule. Nilikuwa nimemwadhibu, ndiyo, kwa kuchungulia kazi ya mwenzake.

Kisha mwezi wa kumi yakaja mashtaka.

Wasichana wa darasa la saba walikuwa wamegundua kwamba choo cha pembeni kina komeo la ndani na ndoo ya maji, vitu ambavyo vyao havikuwa navyo, na siku za hedhi walikwenda kumwazima kijana ufunguo. Akawapa. Kwa mandazi moja kila safari, au ukurasa mmoja wa noti akiandikiwa kwa mwandiko mzuri. Biashara ilikwenda wiki tatu kabla msichana mmoja hajachoka na kumsema kwa mwalimu wa nidhamu.

Akaitwa ofisini. Alikuja amebebwa, akashushwa kitini, uzi shingoni. Aliulizwa kama ni kweli. Akasema ni kweli, na kwamba mpakani hakuna anayeshika ufunguo bure. Naibu mwalimu mkuu alianza kucheka, akajizuia. Wasichana walipewa ufunguo wao siku hiyohiyo. Yeye akahukumiwa kuchambua maharagwe jikoni wiki nzima wakati wa mapumziko, adhabu ya kawaida kwa kosa la aina hiyo, na kwa kadiri ninavyokumbuka ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye kitabu cha adhabu.

Akavuta pumzi. Sote tukasubiri.

"Yule aliyeuza penseli za shule," alisema, "mlimpa siku tatu."

Tukaafikiana siku nne.